Salim aja na nguo za siku ngapi?

Kikundi: UKOO WA BI MKUBWA
Jumapili, 10 Machi 2024

Salim (Raleigh): Asalaam aleikum nyote. Ma Mdogo, naomba hifadhi kwako Silver Spring Jumanne usiku. Timu yetu ya kikapu inacheza mashindano ya ACC, ligi ya vyuo vya huku, hapo Washington.

Ma Mdogo: Waaleikum salaam mwanangu. Kwako hapa, wala usiombe. Usiku mmoja au zaidi? Kochi la chini limejaa nguo za kupigwa pasi, nijue kama nizitoe zote.

Salim: Usiku mmoja.

Ami Hafidh (Hartford): Usiku mmoja 😂 Shabiki wa aina gani huyu, amekwisha kuifungia virago timu yake kabla haijashuka uwanjani.

Salim: Ami, hukuwaona jana. Wamepigwa na Pitt, na hiyo ni ya nne mfululizo. Florida State, North Carolina, Duke, Pitt. Kote walikopita wameacha pointi.

Bi Mkubwa (Mombasa): Timu gani hiyo? Ile ya mbwa?

Salim: Mbwa mwitu, Bi. Wolfpack, chuo cha NC State.

Bi Mkubwa: Mbwa ni mbwa. Endelea.

Zuhura (Durham): Bi 😂😂 Sisi Duke tuliwafunga Jumatatu kwao, 79 kwa 64. Nilikuwepo. Salim alinunuliwa popkoni na mtu asiyemjua kwa kuonewa huruma.

Salim: Zuhura, wewe ngoja.

Salim: Nawaeleza kwa nini nakuja na nguo za siku moja. Kwenye ACC walianza kama wazimu, mechi 6 za kwanza wameshinda 5. Mji mzima kofia nyekundu, hata kinyozi wangu ambaye hajui kikapu ana bendera. Basi zilikuwa zimebaki 14. Hizo wameshinda 4. Nne! Wamemaliza 9 kwa 11, yaani kushinda 9 kufungwa 11, nafasi ya 10 kati ya timu 15. Sasa nani anaweza kunambia hii ni timu gani? Februari wamekwenda Clemson, ugenini, wakashinda kwa pointi moja, nikalia. Siku tatu baadaye wako nyumbani na Syracuse, wakafungwa. Nikalia tena.

Ma Mdogo: Unalia sana wewe.

Ami Hafidh: Tatizo lenu ni nini hasa? Wachezaji au kocha?

Salim: Watu watakwambia kocha. Keatts huku keshachokwa, redio ya asubuhi wanamzika kila siku. Mimi naona ni kitu kingine. Nimekaa nao ukumbi wa PNC msimu mzima. Burns akipokea mpira kushoto chini ya kikapu, mgongo kwa beki, yule mtu ana kilo 125 Ami, anamsukuma beki polepole kama anayesogeza kabati. Bega, bega, halafu mkono wa kushoto. Wapinzani wakija wawili, anautoa mpira nje kwa Horne, ambaye ni mtoto wa Raleigh hapa hapa. Horne akitia zile za pointi tatu, hakuna timu inayotuweza. Asipotia, mpira umepotea, wapinzani wanakimbia, na Burns bado yuko kule alikokuwa akisogeza kabati 🤦🏾‍♂️

Ami Hafidh: Na kwenye ulinzi?

Salim: Usiniulize. Wanamvuta Burns atoke nje, mchezaji mwepesi anampita kama gari la takataka lililoegeshwa.

Bi Mkubwa: Kwani hao vijana hawakuzoeana? Wamekua pamoja?

Salim: Ndiyo penyewe, Bi. Siku hizi mchezaji wa chuo anahama tu. Horne katoka Arizona State, O'Connell katoka Stanford, Taylor katoka Butler, Middlebrooks katoka Clemson, Diarra katoka Missouri. Wengi wao hawajafikisha mwaka pamoja.

Bi Mkubwa: Hiyo basi si timu. Hao ni abiria wa matatu.

Zuhura: Bi Mkubwa apewe kipindi cha redio.

Ami Hafidh: Hao abiria wakipata dereva hufika. Nyinyi watoto 2011 mlikuwa shule, mimi nilikuwa hapa Hartford naendesha teksi usiku. UConn, chuo cha huku Connecticut, walimaliza ligi yao ya Big East 9 kwa 9. Mechi 5 za mwisho wamepoteza 4. Abiria wangu wote wanatukana. Wakaenda kwenye kombe la ligi, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, wakashinda mechi 5 kwa siku 5. DePaul, Georgetown, Pitt, Syracuse, Louisville. Ile ya Pitt, nyota wao Kemba Walker kamwekea beki hatua ya nyuma, yule beki kaanguka, katia, saa imekwisha. Nilisimamisha gari kando ya barabara. Baadaye wakachukua ubingwa wa Marekani.

Salim: Ami, wale walikuwa na Kemba Walker.

Ami Hafidh: Aliyekuwa Kemba yule yule walipokuwa wanapoteza 4 kati ya 5.

Salim: 👀

Salim: Sawa, hiyo imeingia. Lakini kombe la ACC tangu liwe la siku tano, hakuna aliyeshinda mechi tano kwa siku tano. Na NC State hawajachukua kombe hilo tangu 1987. Mimi sijazaliwa!

Zuhura: Hesabu yenyewe ndiyo hii: Jumanne Louisville. Jumatano Syracuse, ambao wamewafunga mara mbili msimu huu. Alhamisi sisi Duke. MKIFIKA. Mimi kusema kweli ningesafiri kwa ajili ya wasichana wa chuo chenu, wale ndio timu. Leo wamecheza fainali ya ACC, wamepoteza kwa Notre Dame pointi 4 tu.

Salim: Wasichana sina neno nao. Nawapigia saluti.

Ami Hafidh: Louisville vipi?

Salim: Wa mwisho, 3 kwa 17. Ndiyo maana naiendea hiyo. Nataka nishuhudie mechi moja tuliyoshinda kabla msimu haujafa. Na bila kombe hili hatuendi mashindano ya taifa, hakuna atakayetualika na rekodi hii.

Bi Mkubwa: Saa ngapi hiyo mechi?

Salim: Jumanne saa kumi na nusu alasiri huku, Bi. Kwako saa tano na nusu usiku. Leo wamesogeza saa, tofauti yetu imekuwa saa saba.

Bi Mkubwa: Na Ramadhani je? Huko mwaanza lini? Sisi bado twangojea mwezi.

Ma Mdogo: Msikiti wetu umetangaza kesho, mama.

Salim: Halafu Bi, mmoja wa hao abiria ni Muislamu. Mohamed Diarra, kijana mrefu kutoka Ufaransa. Nasikia atafunga. Mechi ya alasiri, magharibi haijaingia, anaruka na midomo mikavu.

Bi Mkubwa: Subhanallah. Na huyo yuko upande wa mbwa?

Salim: Mbwa mwitu. Ndiyo.

Bi Mkubwa: Haya, nitawaombea. Huyo kijana, si wote.

Zuhura: Bi, na sisi Duke je?

Bi Mkubwa: Nyinyi mna pesa.

Ami Hafidh: 😂😂😂 Salim, sikiliza. Diarra huyo, ni wa kuanza au wa benchi?

Salim: Sasa anaanza. Na ukitaka nikwambie kitu kimoja cha kunitia moyo, ni yeye. Burns akiwa na mwenzake mrefu wa kudaka mpira unaorudi, hahitaji kukimbia sana. Mechi zenyewe tumepoteza, lakini pale chini pamebadilika. Nimekiona kwa macho, ila sijakiona kwa dakika 40.

Ami Hafidh: Basi unajibu swali lako mwenyewe, na nguo za siku moja mkononi.

Salim: Ami, Jumatano nina zamu kazini!

Ami Hafidh: Hiyo ungeanza nayo. Umeitukana timu ya watu dakika arobaini, kumbe ni zamu.

Zuhura: 💀

Ma Mdogo: Salim, unakuja na gari lako? Ni mwendo wa saa nne na nusu barabarani, na ukiwa na saumu usiendeshe kwa hasira. Tiketi umekata?

Salim: Ya Jumanne tu.

Ma Mdogo: Haya. Ukitoka ukumbini njoo moja kwa moja, tutafuturu pamoja. Sambusa nitakanda za Jumanne. Za Jumatano nitanunua nyama nikiona matokeo.