Re: Ramani ya polisi ina nukta kila kona, tuhamie au tuache?

Dada, pole na pilikapilika za kutafuta nyumba. Kabla hujamwambia mwenye nyumba kwamba hamji, naomba tuitazame upya hiyo ramani ya polisi iliyojaa nukta za matukio, maana nadhani imekutisha kuliko inavyostahili.

Kinachochanganya wengi wetu hapa Marekani ni kwamba tovuti za miji huweka mahali pamoja vitu viwili tofauti: simu za polisi na uhalifu uliosajiliwa. Simu ni kila jambo lililofika 911, namba ya dharura ya huku, pamoja na yale askari anayoyaripoti mwenyewe kwa redio akiwa doria. King'ora cha duka kilicholia bure kimo. Mzee ambaye wanawe wamemkosa kwenye simu tangu asubuhi yumo. Muziki wa usiku, gari lililoziba njia, dereva aliyesimamishwa kwa mwendo kasi, vyote vimo. Ajali ikitokea mbele ya watu wengi, kila mmoja anapiga. Kwa hiyo mtaa wenye simu nyingi huenda ni mtaa wenye watu wengi, au barabara kubwa, au majirani wasiokaa kimya wakiona jambo. Binafsi napenda kuwa na majirani wa aina hiyo.

Ukitaka kuona kwa macho yako simu huishia wapi, fungua data huria ya New Orleans. Kila simu ina herufi tatu za matokeo. RTF ni kwamba ripoti itaandikwa. NAT ni kwamba askari walichukua hatua iliyohitajika. GOA ni kwamba walipofika, mhusika alishaondoka. UNF ni kwamba hapakuonekana msingi wa malalamiko. Ukichuja na kubakiza RTF peke yake, orodha inapungua sana. Seattle nao wana safu mbili: simu ilivyopokelewa, na ilivyobainika mwishoni. Mtu anapiga akidhani kuna ugomvi wa silaha, askari wanakuta ni jambo jingine kabisa. Soma safu ya pili.

Sasa uhalifu uliosajiliwa, yaani makosa ambayo polisi wameyaandikia ripoti. Hapa usiishie kwenye jumla, nenda kwenye aina, mahali na saa. Chicago wana faili la matukio tangu 2001, na kila mstari unaeleza mengi: aina ya kosa, kama lilitokea barabarani, dukani au ndani ya nyumba, kama kuna aliyekamatwa, na kama ni tukio la kifamilia. Mstari wa kipigo wenye alama ya kifamilia, ndani ya nyumba ya watu, ni msiba kwa aliyepigwa, lakini haukuambii kwamba mwanao ataporwa akirudi shule. Mistari mingi ya wizi wa dukani huenda yote inatoka kwenye duka moja kubwa la pembeni. Kwa familia yako, mimi ningetazama uporaji wa barabarani, uvunjaji wa nyumba, wizi wa magari na risasi. Anwani huko zimefichwa namba mbili za mwisho, kwa hiyo nukta haikai juu ya nyumba halisi. Usimwangalie jirani vibaya kwa sababu ya nukta.

Kuhusu asilimia, kuwa makini sana. Mtaa uliovunjwa nyumba mbili mwaka jana na nne mwaka huu, mtangazaji atakuambia uhalifu umepanda kwa asilimia 100. Chukua miaka mitano, uone mwelekeo. Na wakikupa kiwango kwa kila watu 100,000, uliza ni watu gani waliohesabiwa. Katikati ya mji wanalala wachache, lakini mchana umati unapita. Makosa yanayowapata wapita njia yakigawiwa kwa wanaolala hapo tu, kiwango kinaruka.

Kulinganisha miji nako kuna mtego. Nchi hii ina idara za polisi takriban 18,000, na FBI, shirika la upelelezi la taifa linalokusanya takwimu zao, wenyewe wanaonya watu wasipange miji kwa ubora kutokana na takwimu zao. Januari 2021 walihamia mfumo mpya unaosajili kila kosa ndani ya tukio, wakati muhtasari wa zamani kwa kawaida ulihesabu lile zito zaidi tu. Mwaka huo New York na Los Angeles hawakuwasilisha data kwa mfumo huo. Anayekuletea jedwali la 2021 kuthibitisha jambo, mwulize kwanza nani hayumo.

Halafu kuna yasiyofika polisi kabisa. Utafiti wa kitaifa wa waathirika, unaofanywa tangu 1973 kwa kuwahoji watu majumbani, unaonyesha mara kwa mara kwamba chini ya nusu ya matukio ya ukatili huripotiwa. Sisi wageni tunajua sababu zetu: lugha, hofu ya makaratasi, kutotaka maneno. Ndugu zangu, vituo vingi vya 911 vina wakalimani kwa simu. Sema "Swahili" na mahali ulipo, usikate.

Usitegemee wakala wa nyumba akujibu kama mtaa ni salama. Wengi hulikwepa swali hilo kwa kuogopa kuvunja sheria ya makazi ya 1968, inayokataza kuelekeza wateja kwa rangi au asili yao. Nenda mwenyewe jioni, saa ambayo mzee wako hutoka kazini, utembee kutoka kituo cha basi hadi mlangoni.

---

Kaka, ahsante. Naongezea kwa tulio Uingereza. Ramani ya uhalifu ya police.uk, tovuti ya polisi wa huku, hutoa mwezi tu, bila siku wala saa, na nukta zimesogezwa hadi sehemu za jumla za karibu, kwa hiyo ule ushauri wa kutazama saa hapa hautekelezeki. Ndani ya jumla yao kuna pia kero za mtaani, kama kelele na walevi. Ziondoeni kwanza ndipo mhesabu. Na mnaohamia Manchester, msifurahie ramani tupu: polisi wa huko walipobadilisha mfumo wa kompyuta mwaka 2019, data yao ya uhalifu ilikosekana kwenye tovuti hiyo kwa muda mrefu. Miezi hiyo iacheni kabisa mnapolinganisha.