Naombeni ushauri: vihusishi vya Kiingereza vinanichanganya

Mapokezi_Tanga
Wakuu, heshima kwenu. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Tanga, na barua pepe za wageni naandika mimi. Juzi bosi aliniita tukaisoma moja pamoja. Nilikuwa nimeandika "I am waiting your answer", akaongeza "for". Chini yake "we discussed about the price", akafuta "about". Huku anaongeza, kule anafuta! Nimeanza kukariri orodha ya vitenzi mia mbili, lakini nikifika cha thelathini cha kwanza kimeshapotea. Wenzangu mliwezaje?

Mwl_Mstaafu
Mwanangu, hiyo orodha iache. Huo si uzembe, ni Kiswahili kinakuvuta. Sisi uhusiano tunautia ndani ya kitenzi: pika, pikia, leta, letea. Unasema "nisubiri", "nisikilize", "wamenicheka", na hakuna kinachopungua. Kitenzi cha Mwingereza hakinyambuliki hivyo, kwa hiyo kineno anakiweka nje: "wait for me", "listen to me", "they laughed at me". Na sisi tukitumia vineno vya nje, "kwa" na "na" vinabeba karibu kila mzigo. Asha ameolewa na Juma, basi mtu anaandika "married with Juma", kumbe ni "married to".

Kwenye "discuss", ile "kuhusu" imo ndani tayari. "Reach" na "enter" ni hivyo hivyo: "we reached Tanga", "enter the room", bila "to" wala "in". Vya namna hiyo ni vichache, hivyo kariri.

Nesi_Muscat
Kweli kabisa Mwalimu. Mimi kilichonitesa ni "look". Kwetu "kumwangalia mgonjwa" ni kumtazama na pia kumhudumia. Mwezi wangu wa kwanza kazini niliambiwa "look after" mgonjwa fulani, nikaenda nikamtazama, nikaondoka. Sijasahau mpaka leo. Sasa kila kimoja nimekipa Kiswahili chake: "look at" kutazama, "look after" kutunza, "look for" kutafuta, "look into" kuchunguza.

Karani_Mombasa
Dada, mimi kukariri nakutetea, ila kariri sentensi nzima, tena ya kazini kwako. "Agree" peke yake haikusaidii. Unakubaliana na mgeni: "agree with". Unalikubali ombi lake: "agree to". Mnapatana bei: "agree on". Na kamusi nzuri ya wanafunzi huonyesha kihusishi pale pale kwenye kitenzi. Usiishie kusoma maana.

Mapokezi_Tanga
Ahsanteni sana. Nimejaribu hii, naomba mniangalizie: "Thank you for your message. We agree to your dates and look forward to hear from you."

Mwl_Mstaafu
Vizuri sana. Rekebisha "hear" tu. Hiyo "to" ni kihusishi, na kitenzi kinachofuata kihusishi kinachukua "-ing": "look forward to hearing". Ni kama "thank you for coming".

Mapokezi_Tanga
"Hearing". Nimesahihisha Mwalimu, naituma sasa hivi.