PCB au CBG? Baiolojia nina A ila fizikia ndo inanitoa jasho

binti_mbagala:
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Matokeo ya fomu foo yametoka, namshukuru Mungu baiolojia nimepata A, kemia B, jiografia B, fizikia C, na hiyo C nayo mi mwenyewe sijui ilipitia wapi. Kwenye selfomu, ile fomu ya kuchagua masomo ya advansi (fomu faivu na siksi), nilijaza PCB (fizikia, kemia, baiolojia) chaguo la kwanza, CBG (kemia, baiolojia, jiografia) la pili, sasa roho inasita. Baba hataki kusikia kitu kingine zaidi ya PCB, anasema ukoo mzima hakuna daktari. Anti yangu nae anasema CBG ni ya walioshindwa. Mi nataka kujua vitu vitatu tu: baiolojia ya advansi ni ileile ya kwetu ila imeongezwa kurasa au ni kitu kingine? CBG inafunga kweli udaktari? Na je nikiamua kubadili bado naweza? Shule yetu ni ya kata, praktiko tulizifanya mtihani ukiwa umeshabisha hodi, kwa hiyo msinitishe sana.

msuli_upanga:
Marahaba dogo na hongera, A ya baiolojia shule ya kata si mchezo.

Nianze na la udaktari maana ndo linalowagombanisha hapo nyumbani. Ndiyo, inafunga. MD, yaani digrii ya udaktari, vyuo vyetu wanataka prinsipo (pasi kamili) tatu, fizikia, kemia na baiolojia, yaani A mpaka E, ukipata S, ile ya chini ya E, kwenye fizikia hiyo siyo prinsipo na huingii hata kama baiolojia una A ya kung'aa. Sasa angalia hivi, kemia na baiolojia ziko kwenye kombi zote mbili, utazisoma tu upende usipende, kwa hiyo hapo huchagui kombi, unachagua somo la tatu. Swali lako ni fizikia au jiografia basi. Ukichukua fizikia mlango wa udaktari unabaki wazi na kozi nyingi anazoomba mtu wa CBG na wewe unaweza kuomba. Ukichukua jiografia mlango wa MD umeufunga mwenyewe ukiwa na miaka kumi na saba. Ila (na hii wazee hawaisemi) fizikia ya fomu faivu haina huruma, unaanza na projektaili na mzunguko wa vitu, umeme unakuja baadae, na kama hesabu zinakusumbua utakuta wenzako wameshamaliza swali wewe bado unatafuta fomula. Na BAM, ile hesabu ya nyongeza, huikwepi kote kote, PCB ipo CBG ipo. Hesabu ulipata ngapi? Hujasema na mi naona umeiruka makusudi 😅

binti_mbagala:
Hesabu D kaka 🙈

ticha_wa_bios:
Mwanangu, nafundisha baiolojia fomu faivu na siksi hapa Dar, nikujibu la kwanza maana wenzangu wataenda na vyuo tu.

Siyo ileile. Chukua fotosinthesisi. Fomu foo ukiandika mlinganyo, kabonidayoksaidi na maji vinatoa glukosi na oksijeni, umepata maksi zako. Advansi nakuuliza mwanga unafanya nini kwenye kloroplasti, elektroni zinatoka wapi zinaenda wapi, mzunguko wa Calvin, ile hatua ya kutengeneza sukari, unahitaji nini, halafu nakuuliza kwa nini mahindi na muwa vinavumilia jua kali kuliko mpunga, na hapo usiponieleza habari za C4, ile njia yao ya kunasa kabonidayoksaidi, umeacha swali. Jenetiki nako unatoka kwenye makundi ya damu na njegere za Mendel unaingia Hardy-Weinberg, kukokotoa jeni zinavyogawanyika kwenye kundi zima, hesabu kabisa ndani ya baiolojia, watoto wananiambia madam hii si tulikimbia?

Na ni insha. Insha ndefu, kwa Kiingereza. Wanaofeli kwangu wengi siyo wavivu, wanajua kitu lakini wameandika kama wanaorodhesha vitu vya dukani, hakuna sentensi moja inayoonyesha hiki kinasababisha kile. Pepa ni tatu, mbili nadharia na ya tatu praktiko, na kwenye praktiko kuna kupasua, chura au panya au mende, unapasua, unabandua viungo taratibu, unachora. Chora ulichokiona kwenye sahani yako. Kuna mtoto anapasua chura vizuri kabisa halafu anachora picha ya kitabuni, utumbo umelala upande ambao wa kwake haujalala, mtahini anaona hapohapo.

Kutokuwa na maabara o-level kusikutishe, hata wa shule za ada kubwa wengi mkasi wa kupasulia wanaushika kwa mara ya kwanza fomu faivu.

wa_mikumi:
Huyo anti mwambieni asitutukane bwana. Mi CBG mtupu, nikaenda SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, nikasoma wanyamapori, leo nakula mshahara wangu porini kwa raha zangu. Misitu, kilimo, mazingira, ualimu wa baiolojia, hizo zote mtu wa CBG anaomba. Na jiografia ya advansi siyo ya kulala, kuna takwimu, kuna kusoma ramani na picha za angani, kuna upimaji. Nilisoma na jamaa wa PCB kibao waliokuja SUA kwa sababu fizikia iliwavunja na MD wakaikosa, miaka miwili walilia na kitu ambacho hawakukipenda. Swali ni moja dogo, ukiondoa sauti ya baba unautaka huo udaktari au unapenda baiolojia? Si kitu kimoja.

mama_wawili_kimara:
Jamani na chuo cha kati mbona mnakisahau? Mwanangu alikuwa na matokeo ya chini kuliko ya huyu binti, akaomba diploma ya utabibu, wanataka pasi nne za masomo yasiyo ya dini, na kemia, baiolojia na fizikia ziwemo, D inatosha. Miaka mitatu. Ukitoka na GPA nzuri unaweza kuomba MD baadae. Ubaya ni ada, advansi serikali ada imefutwa tangu 2022, chuo unalipa. Japo hiyo advansi bure nayo subiri uone fomu ya kujiunga, godoro, ndoo, reki, rimu za karatasi, na nauli ukipangiwa Kigoma huko.

msuli_upanga:
Mama wawili umesema kweli ila kwa A, B na C mi singemshauri akimbilie diploma kwanza. Ndo maoni yangu.

binti_mbagala:
Asanteni sana. @wa_mikumi umenichoma kweli 😂 nadhani nautaka udaktari, lakini nauogopa kwa sababu ya fizikia, siyo kwa sababu siupendi. Sasa la kubadili?

ticha_wa_bios:
Matokeo yakishatoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia shule, hufungua dirisha la kubadili tahasusi (kombi) na chuo kwenye mfumo wa selfomu, unaingia mwenyewe kwa namba yako ya mtihani. Usimpe mtu wa stationari akuingilie bila wewe kuwepo, kuna watoto wamejikuta kwenye kombi wasiyoijua. Na angalia orodha yote maana tangu 2024 tahasusi zimeongezwa sana, siyo hizi mbili tu.

Kabla hujagusa kitu, ingia tovuti ya NECTA, baraza la mitihani, kuna ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure, wanaonyesha hadi majibu ya watu waliokosea. Soma ya fizikia ya fomu siksi, jaribu hata maswali mawili matatu na mtu anayeijua. Halafu njoo utuambie umeona nini.

binti_mbagala:
Sawa madam, naipakua usiku bando likiwa la bei nafuu.