Kadi ya mahafali 5,000 hapa Tabora? Wenye maduka mnatukomoa

Wakuu, habari za jioni. Nimetoka mjini sasa hivi na nimekasirika kwelikweli, mtanivumilia.

Jumamosi mtoto wa dada yangu ana mahafali ya kidato cha nne. Wiki inayofuata mdogo wake anapata kipaimara. Mjomba ni mimi, kwa hiyo kadi ni zangu. Nimepita maduka manne. Kadi ya kawaida kabisa ya kukunja, yenye ua na kofia ya mahafali, 5,000. Kubwa kidogo 8,000. Ya muziki 12,000. Nimeifungua haikulia, naambiwa nikabadilishe betri. Bahasha sasa inauzwa peke yake, 500. Tangu lini?

Kilichonichoma zaidi ni kibandiko cha bei. Nyuma ya ile ya 5,000 kilikuwa kinene, nikakikwangua kwa ukucha. Chini yake 3,500. Chini ya hiyo 2,000. Kadi ni ileile, haijawahi kutoka dukani, mpaka kona moja imegeuka njano kwa jua la dirishani! Nilipomwonyesha dada wa dukani akanijibu, "Kaka, huu ni msimu, wenzako wanachukua tu."

Msimu. Yaani furaha ya watoto wetu ndiyo mavuno yao.

Wanasema karatasi imepanda, usafiri kutoka Dar umepanda. Sawa, karatasi nzuri ya kadi inatoka nje na VAT ni asilimia 18, hilo silibishii. Lakini mwezi wa nane nilikuwa Kariakoo, nikauliza bei za jumla: dazeni 12,000, yaani 1,000 kwa kadi. Boksi la dazeni kumi, kondakta wa basi alitaka 10,000 kulifikisha Tabora. Gawanyeni wenyewe. Usafiri wa kadi moja haufiki hata mia. Hiyo nyingine yote inaenda wapi?

Na kwa hiyo 5,000 unapewa shairi refu la Kiingereza ndani. Kadi ya Kiswahili sikuiona hata moja kwenye maduka yote manne.

Najua wapo watakaosema nitume picha WhatsApp. Hawajakaa kwenye mahafali hawa. Mtoto anaitwa jina, anasimama mbele, ndugu wanapanga foleni kumvisha mashada na kumkabidhi kadi. Mwaka juzi nilimwona binti mmoja amesimama mikono mitupu. Mama yake alikuwepo, amevaa kitenge chake kizuri, anapiga vigelegele peke yake. Yule binti alikunja ncha ya tai, akaikunjua, akaikunja tena, mpaka wakaambiwa washuke. Sijamsahau. Sasa kwa 5,000 mama kama yule achague nini, kadi au unga?

Kadi si anasa kwetu. Mama yangu pale Isevya ana kopo la bati la biskuti, ndani kuna kadi za Krismasi alizokuwa anatumiwa na marehemu baba enzi akifanya kazi ya reli Kigoma. Wino umefifia, stempu zimekauka. Ukimwomba moja ukaiwekee fremu, hakupi.

Hata huko zilikoanzia, kadi iliwahi kuwa ya wenye nazo. Ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani ilichapwa London mwaka 1843, ikauzwa shilingi moja ya kwao, na kibarua hakuiweza. Baadaye uchapaji ukawa rahisi, ikaja na stempu ya nusu peni mwaka 1870, ndipo hata mfanyakazi akaweza kumtumia mama yake kadi. Sisi tunarudishwa kulekule kwa makusudi, na mtu mwenye bunduki ya vibandiko.

Ya 5,000 nimeirudisha kwenye rafu.

Ninachoomba: anayejua steshenari hapa Tabora inayochapa kwa rangi kwenye karatasi ngumu, na kukata vizuri, aniambie kabla ya Ijumaa mchana. Maneno nitaandika mwenyewe, kwa Kiswahili. Nataka ishirini. Mbili za hao watoto wa dada, nyingine nitakwenda nazo mfukoni Jumamosi, nikimwona mtoto amesimama mikono mitupu nipande nimpe.