Tupeane uzoefu: uliwahi kubadilisha kadi ya waifai kwenye laptopu ya zamani?

#1
Wakuu, habari zenu. Laptopu yangu ni ya siku nyingi ila bado inanifaa sana, hasa tangu niiwekee SSD. Tatizo lilibaki kwenye waifai: kadi iliyokuja nayo inashika masafa ya gigahezi 2.4 tu, na majirani wote wamejazana humo humo. Nikanunua Intel 7260, ile fupi ya mini PCIe (aina ya nafasi ya kadi kwenye laptopu za zamani), inayoshika hadi gigahezi 5. Nikatoa betri, nikafungua mfuniko wa chini, nikachomoa waya mbili za antena, nikapachika kadi mpya. Kuwasha tu, skrini nyeusi na ujumbe mmoja: kadi hii hairuhusiwi, zima mashine uitoe. Windows sikuiona.

Nikajua nimeuziwa kadi mbovu. Kumbe baadhi ya watengenezaji waliweka ndani ya BIOS, ile programu ya mwanzo inayoiwasha mashine, orodha ya kadi wanazozikubali, na isiyokuwemo inakataliwa hata kama inaingia vizuri kwenye nafasi yake. Kuna watu huibadilisha BIOS yenyewe ili kuiondoa orodha hiyo. Mimi sikuthubutu, kwa sababu ukikosea hapo mashine haiwaki tena. Nilipakua mwongozo wa matengenezo wa modeli yangu, ule wa mafundi, wenye jedwali la vipuri na namba zake. Nikatafuta kadi yenye namba iliyotajwa mle. Chipu ni ileile ya Intel, kilichotofautiana ni utambulisho wake tu, na ikakubaliwa papo hapo. Mwongozo huo ningeusoma kabla ya kutoa hela.

Sasa inafanya kazi, ila bado nikienda chumba cha pili mawimbi yanashuka sana. Nanyi leteni yaliyowakuta.

#2
Mkuu, yangu ilikubaliwa lakini Windows ikasisitiza kuwa redio imezimwa kwa swichi. Nilisogeza swichi ya pembeni mara ishirini, wapi. Nilibadilisha draiva tatu, nikapoteza wikendi nzima. Shida ilikuwa pini namba 20 ya kadi, ndiyo inayopokea amri ya kuzima redio, na laptopu yangu ilikuwa inaituma muda wote. Nikakata kipande cha mkanda usioungua kwa joto, chembamba kama ukucha wa mtoto. Pini zinapishana milimita 0.8 tu, kwa hiyo nilitumia kibano na taa ya simu, na nikahesabu pini mara tatu kabla ya kubandika. Ukifunika ya jirani umeanzisha tatizo jingine. Tangu siku hiyo waifai haijazima.

#3
Wenye laptopu za M.2, nafasi ya kadi iliyokuja baada ya mini PCIe, muwe makini na kadi za waifai za Intel, AX200 na AX201. Kwa macho ni pacha. AX201 inategemea sehemu ya waifai iliyomo ndani ya chipseti mpya za Intel (chipu kuu za ubao wa mashine), hivyo ukiichomeka kwenye mashine ya zamani inaingia kabisa lakini haionekani popote. Ya zamani inataka AX200 au AX210. Mimi nilirudisha yangu dukani, nashukuru walinibadilishia.

#4
Kwa wa Linux: AX210 inataka kerneli, yaani kiini cha mfumo, toleo 5.10 kwenda juu. Nilikuwa na ya chini na sikuwa na mtandao wa kusasisha, ndipo nikaunganisha simu kwa waya ya USB ikanipa intaneti. Andaeni njia hiyo kabla ya kutoa kadi ya zamani.

#5
Mwanzisha mada, mawimbi yako kushuka hivyo naona ni antena. Vile vichwa vya waya ni vidogo, vinaweza kukaa juu ya kadi bila kushika. Kiweke wima katikati, kibonyeze kwa kidole mpaka usikie "tik". Usikilazimishe kikiwa upande, kitapinda.

#1
Mkuu wa #5, Mungu akubariki. Nimefungua tena jioni hii. Nyeupe ilikuwa imeshika, nyeusi imelala tu juu ya kadi, nilipoigusa ikatoka yenyewe. Nimeibonyeza, tik imesikika. Naandika haya nikiwa chumba cha pili, kwenye gigahezi 5.