Bima ya shamba: mahindi Njoro, ng'ombe wa maziwa na mbuzi wa Marsabit

MwanaNjoro: Habari zenu, wakulima wenzangu. Nina ekari 6 za mahindi Njoro, ng'ombe wawili wa maziwa, ghala la mabati, na mbuzi 40 wanaochungwa na shemeji yangu Marsabit. Msimu uliopita mvua ya mawe iliniharibia ekari 2, lakini kampuni ya bima ilikataa kunilipa kwa sababu, ilisema, eneo letu kwa jumla lilivuna vizuri. Je, nilidanganywa? Na je, upo mkataba mmoja unaoweza kukinga vyote hivi?

Mstaafu wa Ugani: Ndugu yangu, hukudanganywa, ila hukuelezwa. Yaelekea ulikata bima inayopima mavuno ya eneo zima, kama ile ambayo serikali iliianza mwaka 2016 katika kaunti za Bungoma, Embu na Nakuru, ikichangia nusu ya ada anayolipa mkulima kukata bima. Wapimaji huchagua mashamba machache kwa bahati nasibu, wakavuna kipande kidogo katika kila shamba na kupima mahindi kwenye mizani; wastani ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, kila aliyekata bima katika eneo hilo hulipwa, hata yule ambaye shamba lake limestawi, na usiposhuka halipwi mtu. Kwa ukame, unaowapiga wote kwa pamoja, utaratibu huu ni nafuu, kwani hakuna haja ya kumtuma mkaguzi kwa kila mkulima. Mvua ya mawe, hata hivyo, hupiga ukingo mmoja wa kijiji na kuuruka mwingine. Tafuta mkataba unaokagua shamba lako mwenyewe na unaoitaja mvua ya mawe waziwazi, ukijua kwamba utalipia zaidi. Ghala huingia katika bima ya moto na wizi. Uliza kama mahindi yaliyomo yameorodheshwa.

Mama Ndama: Kuhusu ng'ombe, daktari wa mifugo huja kuwakagua, kuwakadiria thamani na kuwavisha hereni zenye namba. Mimi nilimzika wangu jioni ileile kwa kuogopa mbwa, kabla daktari hajampasua kuthibitisha kilichomuua, nikakosa fidia yote.

Mfugaji wa Kaskazini: Bima iliyoanza huku Marsabit mwaka 2010 haihesabu mizoga. Hutazama picha za setilaiti zinazoonyesha ukijani wa malisho, na malisho yakififia kupita kiwango, mfugaji hulipwa. Mbuzi akiibwa au akifa kwa ugonjwa, hiyo haimhusu. Shemeji yako ahakikishe kwamba eneo lililoandikwa ndilo analochungia.

MwanaNjoro: Asanteni sana. Nimeutoa mkataba kabatini, na kweli ukurasa wa pili unataja wastani wa eneo. Mama Ndama, daktari akichelewa siku mbili, mzoga ufanyweje?

Mama Ndama: Upige picha hereni ikiwa bado sikioni, umwite afisa wa mifugo wa wadi aushuhudie, na uipigie kampuni simu kabla hujachimba shimo.