Upepo wa matairi ya kawaida kwenye uwanja uliofungwa: nianze na ngapi asubuhi?

Altezza_wa_Kisasa aliuliza:

Mbukwenyi, wana jukwaa. Mimi ni mkazi wa Kisasa hapa Dodoma, na gari langu ni Altezza lenye matairi ya kawaida ya barabarani, saizi 215/45R17, niliyoyanunua mapya mwaka huu. Jumamosi iliyopita mimi na wenzangu saba tulikodi uwanja binafsi wa lami nje ya mji, tukapanga koni, tukamweka mtu wa kusimamia zamu, na kila mmoja akapewa vipindi vya dakika kumi na tano vya kuendesha kwa kasi bila kushindana na yeyote. Mzunguko wetu unafuata mwelekeo wa mshale wa saa, na kona zake nyingi ni za kulia.

Alfajiri nilijaza upepo 33 kwenye matairi yote manne (nazungumzia psi, kipimo ambacho mafundi wetu hukitaja kwa namba tupu), gari likiwa kivulini na halijoto ikiwa nyuzi 16. Kipindi cha kwanza gari lilikuwa tamu. Kufikia cha tatu, pua ilianza kugoma kukata kona. Nakata usukani zaidi, nalo linazidi kwenda mbele huku matairi yakilia. Niliporudi kupumzika nikapima palepale: mbele kushoto 42, mbele kulia 40, nyuma kushoto 38.5, nyuma kulia 35. Isitoshe, bega la nje la tairi la mbele kushoto limelika hadi kashata zake (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) zimekuwa kama meno ya msumeno.

Rafiki mmoja ananishauri nijaze 40 tangu asubuhi ili ubavu wa tairi usijikunje kwenye kona. Mwingine anasema wakimbiza magari wote hushusha hadi 26. Wote wawili wanazungumza kwa uhakika mkubwa, nami nimebaki katikati. Tunarudi uwanjani baada ya wiki tatu. Nianze na ngapi?

MzeeWaGeji alijibu:

Kijana wangu, umefanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kupima mara tu ulipotoka uwanjani na kuziandika namba zote nne. Wengi huja hapa wakisema tu kwamba gari linateleza.

Swali lako umeliuliza kwa kuanzia mwisho usio wake. Namba ya asubuhi haina thamani yenyewe. Kinachokushikisha lami ni upepo uliomo ndani ya tairi likiwa limeshapata moto, kwa hiyo kwanza amua unataka tairi la moto liwe na ngapi, kisha urudi nyuma kutafuta namba ya asubuhi itakayokufikisha hapo. Kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kiliandikwa kwa ajili ya barabara, abiria na mizigo, wala hakikufikiria dakika kumi na tano za breki kali na kona mfululizo. Kwa gari la uzito wa lako, lenye matairi ya barabarani, mimi ningelenga 37 au 38 mbele na 36 hivi nyuma, yote yakipimwa ya moto. Ulipofika 42 tairi lilikuwa limevimba katikati, sehemu inayogusa lami imepungua, na raba imepata joto kupita kiasi. Ndiyo maana kipindi cha kwanza kilikuwa kitamu na cha tatu kikawa kichungu.

Rafiki yako wa 40 angekufikisha karibu na 50 tairi likipata moto. Rafiki yako wa 26 ameazima namba ya watu wanaotumia matairi ya mashindano, ambayo ubavu wake umejengwa mgumu kwa kazi hiyo. Tairi la mtaani lina ubavu laini kwa sababu limetengenezwa limeze mashimo na matuta; ukilishusha mno, linalala ubavu kwenye kona, linajipikia joto kwa kule kujikunja, na likizidiwa sana linaweza hata kuchomoka kwenye rimu. Kwa tairi la namna hiyo mimi sishuki chini ya 28 ya asubuhi, na mzunguko wa kwanza naendesha kama ninayempeleka bibi kanisani.

Sasa kuhusu lile bega lililolika. Utashawishika kuamini kwamba ni dalili ya upepo mdogo, na vitabu vingi husema hivyo. Lakini tairi lako lilikuwa na 42! Bega linalolika likiwa na upepo mwingi namna hiyo linasema mambo mawili mengine. La kwanza ni alaimenti: gari la barabarani limewekwa matairi yakisimama karibu wima, hivyo linapoinama kwenye kona tairi la nje hukanyagia bega. Fundi mwenye mashine nzuri anaweza kuyalaza kidogo sehemu ya juu iingie ndani, iwapo gari lako linaruhusu marekebisho hayo. La pili, niwie radhi, ni wewe mwenyewe. Umeandika kwamba gari likigoma unakata usukani zaidi. Hapo unalisugua bega kama anayepiga msasa. Punguza mwendo kabla ya kuingia kona, sio ndani yake.

Chukua chaki ya darasani uchore mstari mnene kuanzia kwenye kashata za pembeni hadi ubavuni, sehemu tatu za kila tairi. Matairi mengi yana alama ndogo ya pembetatu karibu na bega. Ukirudi, angalia chaki imefutika hadi wapi: ikifutika hadi kwenye ncha ya pembetatu, uko pazuri, ikifutika na kuvuka kuelekea ubavuni, umeshusha mno, ikibaki nzima juu ya bega, bado upepo umezidi.

Lipo jambo jingine linalonisumbua katika namba zako. Mbele, kushoto kumezidi kulia kwa 2 tu. Nyuma kumezidi kwa 3.5. Ni kweli kwamba kwenye mzunguko wa kona za kulia tairi la nyuma kulia ndilo linalopumzika kuliko yote, lakini sidhani kama linapumzika kiasi hicho. Lipime kesho alfajiri kabla hujaliondoa gari.

Ipagala_Turbo alijibu:

Mkuu, dawa ni kuweka naitrojeni, kwa sababu haitanuki ikipata joto, na habari ya kupima kila saa itaishia hapo. Pia huna haja ya kusubiri wiki tatu: barabara ya mzunguko wa nje ina lami mpya na magari machache usiku, nenda kajaribie huko.

Mwalimu_Fizikia alijibu:

Nianze na ndugu yangu wa Ipagala, kwa heshima zote. Hewa tunayovuta ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari, na naitrojeni tupu hutanuka kwa kanuni ileile inayoitanua hewa nyingine. Tofauti huletwa na maji. Kompresa ambayo tangi lake halijamwagwa maji kwa miezi huingiza unyevu ndani ya tairi, na unyevu huo ukigeuka mvuke hupandisha upepo kwa namna isiyotabirika. Kwa hiyo naitrojeni ina faida ya kuwa kavu, basi. Kupima utapima vilevile. Na barabara ya mzunguko, pamoja na jina lake, ni ya malori, pikipiki, ng'ombe wanaovuka na watu wanaotembea bila taa. Mambo ya uwanjani yaachwe uwanjani.

Sasa hesabu, maana namba za mwuliza swali zinatosha kabisa kuifanya. Geji huonyesha tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, kwa hiyo kwanza tunaongeza mgandamizo wa hewa ya nje, ambao hapa Dodoma, kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei, ni karibu psi 12.9, ilhali Dar es Salaam kando ya bahari ni 14.7. Upepo wa 33 ni 45.9 kamili, yaani pamoja na hewa ya nje, na upepo wa 42 ni 54.9. Nyuzi 16 ni 289 kwa kipimo cha Kelvini. Ukigawanya 54.9 kwa 45.9 kisha ukazidisha kwa 289, unapata kama 346, yaani hewa ndani ya tairi lile la mbele kushoto ilifika nyuzi 73 hivi. Hilo halishangazi kwa kazi uliyolipa.

Rudi nyuma sasa. Unataka 37 ya moto, yaani 49.9 kamili, kwenye nyuzi 73 hizohizo. Ikipoa hadi nyuzi 16, geji itasoma 29 kasoro kidogo. Hiyo ndiyo namba ya asubuhi kwa tairi hilo moja, na unaona kwamba haivuki mpaka wa 28 alioutaja Mzee. Matairi mengine hayakupanda sana, kwa hiyo yataanza juu zaidi: mbele kulia karibu na 30.5, na nyuma kushoto karibu na 31. Usishangae matairi manne kuanza na namba tofauti; lengo ni yakutane yakiwa ya moto.

Jambo ambalo watu wa kanda hii hulisahau ni pengo kati ya alfajiri yetu na mchana wetu. Mwezi wa saba alfajiri inaweza kuwa nyuzi 13 au 14, na saa nane mchana ikawa 26 au 27. Mwezi wa kumi na moja mchana huvuka 30. Ukijaza 29 saa nane mchana kwenye nyuzi 30, tairi lako lina hewa kidogo kuliko la aliyejaza 29 alfajiri. Ungehitaji karibu 31 ili muwe sawa. Na kama upande mmoja wa gari umeegeshwa juani, matairi ya upande huo yatadanganya. Pima kivulini, na upime kabla ya kuendesha, kwa sababu hata kilomita chache kutoka nyumbani hadi kituo cha mafuta zinatosha kuharibu kipimo cha baridi.

Wenzako wanaopanda kutoka Dar wajue pia kwamba waliyojaza 33 kule, yakipimwa hapa kwenye joto lilelile, yatasoma karibu 35, ingawa hakuna aliyeongeza hata pumzi moja.

Mwenda_Kyalami alijibu:

Nitaongeza kidogo tu. Niliwahi kuendesha gari la shemeji yangu kwenye uwanja wa Kyalami, kaskazini mwa Johannesburg, ambako magari huzunguka kinyume cha saa, na kwa hiyo matairi ya kulia ndiyo yaliyobeba mzigo. Makosa yangu makubwa yalikuwa mawili. Nilipima kwa geji ya mtu mwingine kila kipindi, na geji hizo zilipishana kwa psi 3, kwa hiyo siku nzima nilikuwa nikirekebisha geji badala ya tairi. Bora geji moja yenye makosa yaleyale kila mara kuliko tatu nzuri. Kosa la pili nililigundua njiani kurudi: nilikuwa nimepunguza upepo matairi yakiwa ya moto, na yalipopoa usiku nikajikuta kwenye barabara kuu nina 27, gari limejaa watu na mabegi. Nunua kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari na usiondoke uwanjani bila kurudisha namba ya kibandiko.

Pia, kabla ya kuhangaika na upepo, waambie wenzako wasome namba nne za tarehe ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lililokaa miaka kumi halitengenezwi na namba yoyote ya geji.

Altezza_wa_Kisasa alijibu:

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimerudi na majibu.

Lile tairi la nyuma kulia nililipima alfajiri iliyofuata kama nilivyoelekezwa. Matatu yalikuwa yamerudi 33, lenyewe lilikuwa na 30. Fundi pancha alilizamisha kwenye beseni, na hakikupita kitambo tukaona vipovu vidogo kabisa: mwiba wa mgunga, mwembamba kama sindano, umekatikia ndani ya mfereji wa kashata. Nilikuwa nimeendesha uwanjani tairi likivuja, nami nikadhani limepumzika. Alilifungua na kulibandika kiraka kwa ndani.

Jumamosi ya juzi, alfajiri ilikuwa nyuzi 17. Nilianza na 29 mbele kushoto, 30.5 mbele kulia, na 31 nyuma kote. Baada ya kipindi cha pili mbele kushoto ilisoma 37, mbele kulia 37.5, nyuma 36.5 na 35.5. Chaki ya mbele kushoto ilikuwa imefutika na kuvuka pembetatu kidogo, kama upana wa unyoya wa kuku, kwa hiyo nikaongeza 1 peke yake bila kugusa mengine. Kwenye 38 chaki ilikoma kwenye ncha. Kwa udadisi nilijaribu kushusha hadi 35.5 katika kipindi cha nne, na hapo usukani ukawa mzito na wa kuchelewa, chaki ikafutika hadi ubavuni. Nikarudisha.

Pua bado inagoma kwenye kona ya mwisho, lakini sasa ni pale tu ninapoingia na mwendo usio wangu. Hilo halihitaji geji.

Swali moja limebaki: tairi la kiraka niendelee nalo uwanjani?

MzeeWaGeji alijibu:

Marahaba. Kiraka cha ndani kwenye kashata za katikati, kama kimebandikwa vizuri, ni kizuri kwa kwenda Kondoa na kurudi. Kwa uwanjani, mimi ningelifanya la akiba na kununua jipya la aina ileile. Na uwanja wenu mfagie kabla ya kuanza, hasa ukingo ulio karibu na migunga, kwa maana mwiba mmoja ukipatikana mara nyingi upo na ndugu zake.